Waliagwa, ila hawakuaga: jibu kwa mwalimu aliyekabidhiwa sherehe ya kufunga mwaka

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la mwisho katika shule ya msingi. Mwaka jana sherehe yetu ya kufunga mwaka na kuwaaga wahitimu ilichukua saa tano. Hotuba zilikuwa sita, watoto wa madarasa ya chini walisinzia vitini, na zawadi karibu zote zilichukuliwa na watoto wanne wale wale. Ilipoisha, wahitimu wakatawanyika na wazazi wao. Kesho yake watatu walirudi, wakazurura uwanjani, na nilipowauliza wamefuata nini hawakuwa na jibu. Mwaka huu kamati imenikabidhi mimi shughuli nzima. Tena mwalimu mwenzetu mkongwe anastaafu, na mkuu wa shule anataka tumuage siku hiyo hiyo kupunguza gharama. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwalimu. Anzia kwa hao watatu waliorudi kesho yake, maana wao waliliuliza swali lako kabla hujaliandika.

Walirudi kufuata kitu ambacho sherehe haikuwapa. Kwa saa tano waliagwa: wakaimbiwa, wakahutubiwa, wakavishwa mashada, wakapigwa picha. Wao wenyewe hawakuaga. Kiswahili kinayatenga mambo haya kwa herufi moja tu. Anayeondoka huaga. Akifanyiwa na wanaobaki, ameagwa. Wakikutana katikati, kila mmoja akasema lake, hapo wameagana. Ratiba nyingi nilizowahi kushika mkononi zimejaa hilo la kati peke yake. Zisome mstari kwa mstari utaona mtoto ni mtendewa tangu asubuhi hadi jioni. Kitenzi anachoachiwa ni kuimba, na wimbo wenyewe kachaguliwa.

Kwa hiyo kabla hujaulizia maturubai wala spika, itafute ratiba ya mwaka jana, uchukue kalamu, na kando ya kila kipengele uandike jina la anayetenda. Nimewahi kulifanya zoezi hili na kamati ya shule moja. Vipengele vilikuwa 19. Watoto walitenda katika vinne, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kupanga viti.

Mwaka 1909 Arnold van Gennep, mtafiti wa mila aliyeandika kwa Kifaransa, alilinganisha desturi za jamii nyingi za kumvusha mtu kutoka rika moja kwenda jingine, akaona zina sehemu tatu: mtu hutengwa na hali yake ya zamani, hukaa kizingitini kwa muda, kisha hupokewa katika hali mpya. Wa kizingitini hayumo ndani wala hajatoka nje. Hao watatu wako walikuwa hapo hasa. Si wanafunzi wenu tena, na huko waendako hawajafika. Shule huifanya sehemu ya kwanza kwa kishindo, kisha inakunja viti. Sehemu ya tatu ni kazi ya shule itakayowapokea, ingawa ukiweza kuwapeleka wakaione mapema, wakajua choo kiko wapi na kengele inalia vipi, utakuwa umewatua mzigo mkubwa. Wahitimu wengi huniambia hofu zao ni hizo hizo: kupotea njia, kuonewa na wakubwa, kukosa wa kukaa naye. Hakuna anayetaja ugumu wa masomo kwanza, sijui kwa nini sisi huwa tunahutubia hilo tu.

Ile ya katikati, ya kizingitini, ndiyo iliyo mikononi mwako, na haifanyiki siku ya sherehe. Ianze wiki mbili au tatu kabla, darasani, bila mgeni yeyote.

Mimi hufanya hivi. Kila mtoto anachagua mtu mmoja na mahali pamoja pa shule pa kuaga. Anapewa dakika chache kwa siku yake, anakwenda na mwenzake mmoja, anarudi. Haulizwi amesema nini. Utashangaa wanachochagua. Mwalimu mkuu huchaguliwa mara chache, samahani kwake. Mlinzi wa getini na mpishi ndio wenye foleni, kwa kuwa hao ndio walioona mtoto amechelewa akilia au amekuja bila kula. Wakumbuke watu hawa hata kwenye sherehe yenyewe, wasiishie kubeba meza.

Msichana mmoja alichagua bomba la maji nyuma ya darasa. Nilidhani ananifanyia mzaha, nikamfuata kwa mbali. Alilifungua, akanawa mikono taratibu, akalifunga, akasubiri kuona kama linadondoka, akalikaza tena. Akasema "haya basi," akarudi. Siku chache baadaye rafiki yake ndiye aliyenieleza: alipohamia kwetu hakuwa na mtu, na urafiki wao ulianzia kwenye foleni ya bomba lile. Ningemwandalia hotuba gani ingefika pale?

Lipo jambo jingine la darasani, nalo linahitaji moyo kidogo. Wazee wakisema wanatakana buriani hawakumaanisha kwaheri tupu. Walikuwa wakiombana radhi, maana anayeondoka huenda msionane tena. Darasa lililokaa pamoja miaka mingi lina madeni ya namna hii, na watoto wanayajua yote kwa tarehe. Wape nafasi ya kuyalipa, kwa barua fupi au kwa maneno ya faragha. Lakini aanze mwalimu. Mwaka mmoja nilimwomba radhi mvulana niliyemtuhumu mbele ya wenzake kwamba ameiba kalamu. Kalamu ilikuja kuonekana mwezi uliofuata chini ya kabati langu, nami nikanyamaza, nikijidanganya kwamba amesahau. Nilipomwambia, alijibu, "Nilijua umeiona, mwalimu." Darasa zima lilikuwa linajua. Baada ya hapo barua zao zilikuwa za kweli. Tahadhari yangu ni moja: usimlazimishe mtoto kusamehe, hasa aliyeonewa kwa muda mrefu. Kuomba radhi kuwe ruhusa, na kukataa pia kuwe ruhusa.

Mtindo wa kuandikiana kwenye mashati siku ya mwisho uuangalie kwa jicho kali. Wenye marafiki wengi hujaa wino mgongoni, na daima yupo mmoja anayezunguka na shati jeupe akijifanya hajali. Daftari linalozungushwa kwa mpangilio, kila mtoto na ukurasa wake na kila mwenzake akiandika mstari mmoja, linamaliza tatizo hilo. Lipitie kabla halijaenda nyumbani. Watoto ni watoto.

Sasa tuje kwenye saa tano.

Muda wa sherehe za shule haupotei kwenye ngoma wala maigizo kama kamati zinavyodhani. Unapotea kwenye mwendo wa kutoka kitini hadi jukwaani. Piga hesabu: mkiwa na wahitimu 80, na kila mmoja akaitwa, akainuka, akapita katikati ya viti, akapanda, akapeana mkono, akasubiri mpiga picha, akashuka, hizo ni sekunde 45 kwa uchache. Umeshatumia saa moja kamili. Wapange watatu watatu pembeni ya ngazi, anayeitwa awe tayari mguu uko juu, mpiga picha awe mmoja na asimame mahali pamoja, upande wa kushukia uwe mwingine. Mtoto mmoja atatumia sekunde 20, na wote 80 watakwisha ndani ya dakika 27. Umeokoa zaidi ya nusu saa bila kumnyima mtoto yeyote chochote. Fanyeni majaribio mara mbili, na mara ya pili uwe na saa mkononi.

Hotuba ni suala la adabu, si la muda. Mgeni rasmi hachukii kuambiwa ana dakika saba. Anachukia kutoambiwa, kisha aone watu wanaangalia simu. Andika kwenye barua ya mwaliko. Taja pia kwamba watoto wa umri wa miaka sita watakuwa wameketi mbele yake. Wageni wengine watambulishwe kwa pamoja, wasimame, wapigiwe makofi, basi. Na ile risala ya wahitimu, ambayo watu wazima huiandika ikajaa maombi ya madawati na kompyuta halafu ikapewa mtoto aisome kwa sauti ya kukariri, mwaka huu mnyang'anye mwandishi. Maombi ya shule yapelekwe kwa barua yenye muhuri. Risala iwe ya watoto: waandike wanachoondoka nacho na wanachokiacha, hata ikiwa ukurasa mmoja na una kichekesho kisichomfurahisha mwalimu wa zamu.

Mpangilio una uzito kuliko urefu. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio lililonifanya nibadilishe ratiba zangu zote. Watu walitumbukiza mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine walifanya hivyo hivyo, kisha wakaendelea kwa sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa kidogo hadi nyuzi 15. Walipoulizwa warudie lipi, wengi walichagua lile refu, lenye mateso zaidi, kwa sababu liliishia pazuri. Kumbukumbu haipimi dakika. Inashika kilele na mwisho. Najua sherehe si ndoo ya maji baridi, ingawa nimehudhuria zilizokaribia. Sasa niambie, kipengele cha mwisho mwaka jana kilikuwa kipi? Nina hakika ni neno la shukrani la katibu na tangazo la magari yaliyoziba njia. Hayo yapeleke katikati. Mwisho uwape watoto: madarasa ya chini wapange mistari miwili hadi getini, wahitimu wapite katikati wakiwashika mikono. Hapo ndipo kuagana kunapoonekana kwa macho, na hakuhitaji kipaza sauti.

Hao wa madarasa ya chini, kabla ya hapo, wasikalishwe muda wote. Waje na wimbo wao mwanzoni, wabaki kwa nusu saa, wakacheze, warudi kwa mistari ile. Mtoto mdogo akisinzia kwenye sherehe hana utovu wa nidhamu. Amechoka.

Zawadi zimenitafuna miaka mingi, nami nimebadili msimamo. Zamani nilitetea zawadi za ufaulu kwa nguvu zote. Bado nazitetea, ila si siku hii. Katika jaribio maarufu la mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walipoachwa huru walichora kwa muda pungufu sana kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Utafiti wa karibuni zaidi wa kundi la Carly Robinson, uliowahusisha wanafunzi zaidi ya 15,000 huko California, uliangalia tuzo za mahudhurio. Wanafunzi waliotunukiwa kwa ghafla kwa mwezi waliohudhuria kikamilifu walianza kukosa shule zaidi kuliko wasiotunukiwa. Watafiti wakaona huenda tuzo iliwaambia kwamba wamehudhuria kuliko ilivyotarajiwa. Na hapo tunawazungumzia waliopewa. Mtoto aliyeketi akimpigia makofi mwenzake yule yule mara ya nne naye anasoma ujumbe wake.

Zawadi za ufaulu zitolewe kwenye baraza la shule, wiki moja kabla, dakika 20, kwisha. Siku ya kuagana kila mhitimu apokee kitu kimoja kinacholingana: sentensi yake. Anapopanda, mwalimu asome jina na sentensi moja inayomhusu yeye peke yake. Nakuonya kwamba hii ni kazi ngumu kuliko kununua zawadi. "Ana tabasamu zuri" na "ni mtoto mtiifu" ni sentensi za mwalimu asiyemjua mtoto, na mzazi anaitambua papo hapo. Ninayoikumbuka mimi ilikuwa hii: "Ndiye aliyetuambia saa ya ukutani iko nyuma dakika nne, hatukumwamini hadi tulipokosa basi." Ukumbi ulicheka, na yule mtoto, ambaye hakuwahi kupata cheti cha chochote, alishuka ngazi akiwa mrefu zaidi. Anza kukusanya sentensi hizi leo. Waulize walimu wengine, muulize mpishi. Kwa kila mtoto ambaye humpatii sentensi, nenda ukakae naye mapumziko mbili tatu. Bado hamjaachana, muda upo.

Kuhusu mwalimu anayestaafu, mwambie mkuu hapana, kwa lugha laini. Gharama ya sherehe iko kwenye maturubai, muziki na chakula cha wageni. Kumuaga mtu hakugharimu hivyo. Ukiunganisha, mmoja atapewa mkia. Ama watoto watangojea sifa za miaka 30 zimalizike, ama yeye atasimama saa tisa alasiri mbele ya watu waliokwisha kuchoka. Mpe asubuhi yake, shule yote ikiwa mstarini. Muulize kwanza anataka nini, maana wapo wasiopenda makelele na wapo wanaosubiri makelele hayo tangu walipoajiriwa. Wanafunzi wake wa zamani wawili watatu wakija kusimama nyuma ya mstari kimya, atawaona. Na waelezeni watoto wadogo maana ya kustaafu. Niliwahi kuulizwa na wa darasa la kwanza kama mwalimu fulani "ameharibika."

Mengine niyapitie haraka. Michango ikusanywe na watu wawili, kwa bahasha, wala orodha ya wasiochangia isibandikwe popote. Hakuna mtoto anayezuiwa kupanda jukwaani kwa sababu ya mfuko wa mzazi. Mavazi yawe sare, na shule iwe na akiba ya sare chache safi bila kutangaza. Picha za kusambaza mtandaoni ziombewe ruhusa kwa wazazi mapema, kwa kuwa wapo watoto ambao mahali walipo hapatakiwi kujulikana, na sababu zake si lazima uzijue. Anayerudia darasa aulizwe mwenyewe kama anataka kuhudhuria. Anayehama shule katikati, hata kama hahitimu, naye apite kwenye mistari ile.

Kama mwaka huu darasa limempoteza mwenzao, usimruke. Nenda nyumbani kwao kabla, uwaulize wazazi wanapenda jina lake litajwe vipi, au wasingependa. Wakikubali, jina liitwe mahali pake kwenye orodha, kimya kifuate kwa pumzi mbili tatu, kisha liitwe la anayefuata. Msiweke kiti kitupu chenye maua wala muziki wa huzuni. Watoto wataelewa, na watakaolia waachwe walie. Kilio siku hii hakihitaji kuzimwa. Mshereheshaji aambiwe mapema asimfanyie mzaha mtoto anayelia, wala asimfuate na kipaza sauti.

Orodha ya majina ndiyo nimeiacha kwa makusudi hadi huku mwisho. Mwaka wangu wa pili kwenye kamati tuliita wahitimu wote, tukapiga makofi, bendi ikaanza, na mvulana mmoja akabaki amesimama pembeni ya ngazi, mikono nyuma. Alihamia kwetu muhula wa pili, na orodha iliyotumika ilichapwa muhula wa kwanza. Hakusema neno. Alingoja akidhani labda kuna ukurasa mwingine. Mama yake alikuwa safu ya tatu na simu imenyanyuliwa tayari kwa picha. Tulimwita baadaye, bendi ikasimamishwa, watu wakapiga makofi mara mbili ya kawaida, na ile huruma yao ilimuumiza zaidi. Tangu hapo orodha siichukui ofisini. Siku tatu kabla, naingia darasani, kila mtoto anasimama anataja jina lake kamili kama anavyotaka liitwe, naliandika kama ninavyolisikia, namsomea, ananisahihisha. Anayesoma siku ile ni mimi au yule aliyekuwepo darasani, kamwe si mshereheshaji wa kukodi.

Na kesho yake usibaki nyumbani. Mwambie mlinzi kwamba wahitimu wakija awafungulie geti, asiwaulize wamefuata nini. Kutakuwa na viti vya kurudisha madarasani. Wape wabebe.